Fimbo ya Sakugawa

Msikilizaji wangu, juzi kondakta wa daladala aliniuliza kama fimbo yangu nayo italipa nauli. Hakuwa na kosa. Fimbo hiyo ina urefu wa sentimita 182, inanizidi kimo mimi mwenye nayo. Nilikuwa nimeisimamisha katikati ya magoti, ncha imegota kwenye bati la paa, na kila gari lilipopanda tuta ilimgonga begani mama mmoja aliyepakata kapu la nyanya. Alivumilia mara mbili. Mara ya tatu akageuka akasema, "Baba, huko unakokwenda kuna ng'ombe wangapi?" Gari zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu jibu la kweli lingechukua safari nzima na yeye alikuwa anashukia kituo cha pili.

Leo studio imenipa dakika 20, na humu hakuna anayeshuka. Basi mama, popote ulipo na nyanya zako, jibu ni hili: hakuna ng'ombe. Nina miaka 43, na kila Jumanne na Alhamisi jioni nakwenda kujifunza silaha za jadi za Okinawa. Huu ni mwaka wangu wa pili, na bado ni mwanafunzi wa mwanzo. Yote nitakayosema yapokee hivyo, kama maneno ya mtu ambaye vidole vyake bado vina plasta.

Okinawa ni kisiwa kirefu, chembamba, kusini mwa Japani. Eneo lake halifikii la Unguja. Leo ni mkoa wa Japani, lakini tangu 1429 mpaka 1879 kilikuwa moyo wa ufalme wa Ryukyu, wenye mfalme wake, lugha yake, na jumba lake la kifalme pale Shuri, juu ya kilima kinachoitazama bandari ya Naha. Walikuwa watu wa bahari na biashara. Merikebu zao zilikwenda China, Korea, Siam na Malaka. Walinunua pilipili hapa wakauza kule, wakapokea hariri huku wakaifikisha kwingine. Mwaka 1458 walisubu kengele kubwa, wakaandika juu yake kwamba ufalme wao ni daraja la mataifa. Mtu wa Kilwa ya zamani angeshuka pale Naha asijione mgeni sana.

Sanaa ninayojifunza inaitwa kobudo, neno lenye maana ya njia ya kale ya mapigano. Karate, iliyozaliwa kisiwa hichohicho, ni ya mkono mtupu. Kobudo ni ya mkono wenye kitu. Karate ya Okinawa tunayo hapa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Huyu ndugu yake wa fimbo ndiye aliyekuwa mgeni kwangu.

Na nisiseme uongo: sikuja kwa ajili ya fimbo. Nilikuja kwa ajili ya nunchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kamba au mnyororo. Waliokulia kwenye mabanda ya video wananielewa. Bruce Lee alivizungusha katika filamu zake za Hong Kong mwaka 1972, na miaka 20 baadaye, mwenyewe yuko kaburini tangu 1973, sisi tulikuwa bado tunakata mipini ya fagio za nyumbani na kuiba minyororo ya mbwa. Mimi nilipata nundu juu ya jicho, kisha nikapata viboko kwa ajili ya ufagio. Kule New York watunga sheria walivipiga marufuku vijiti hivyo mwaka 1974, wakihofia vijana wa aina yangu, na marufuku ikadumu mpaka Desemba 2018, mahakama ilipoitengua. Mama yangu hakuhitaji bunge.

Siku yangu ya kwanza dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mwalimu aliniuliza nimekuja kutafuta nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari anayesikia dalili alizozizoea, akaniambia kwamba katika ukoo wa silaha za Okinawa nunchaku ni kitinda mimba. Kata zake za kale ni chache mno. Kata, kwa asiyejua, ni mfuatano wa mapigo na mikingo uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Unaufanya peke yako, ukipigana na watu usiowaona. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona, kwenye fimbo zilizoegemezwa ukutani. "Anza na hiyo," akasema. "Hizo nyingine zitakuja zenyewe."

Fimbo kwa Kijapani ni bo, na katika majina ya kata huitwa kon. Kipimo chake cha kawaida ni shaku 6, ndizo hizo sentimita 182. Iliyotengenezwa kwa mtindo wa kale ina unene wa sentimita 3 hivi katikati, ikipungua polepole kwenda ncha zote mbili. Ya kwangu ya kwanza haikuwa hivyo. Nilikwenda kwa fundi seremala, nikamwambia nataka mti mrefu wa mviringo, naye akanichongea kwa ubao uliobaki kwenye kitanda cha mtu, akaupaka vanishi ukameremeta. Wiki ya tatu, nilipoigonganisha na ya mwenzangu, ilipasuka kwa urefu wake na kipande kikaruka hadi dirishani. Fundi hakukosea, nilikosea mimi, kwa kutomwambia kazi itakayofanywa na mti ule. Fimbo inataka mti ambao nyuzi zake zimenyooka ncha hadi ncha. Nyuzi zikikatisha upande, hapo ndipo patakapovunjikia. Wajapani hupenda mwaloni mweupe. Wewe unayefikiria kuanza, tazama nyuzi kwanza, vanishi baadaye.

Sasa jinsi ya kuishika. Unaigawa sehemu tatu sawa, mkono mmoja kwenye mpaka huu na mwingine kwenye mpaka ule, kiganja kimoja kikitazama chini na kingine juu. Mwili unasimama ubavu. Pigo la kwanza ni la utosi: ncha iliyokuwa nyuma inapita juu na kushuka mbele, mkono wa nyuma unavutwa mpaka kwenye mbavu, na fimbo inatulia palepale isitikisike. Basi, ni hilo tu. Jioni ile nililipiga mara 100, na katika hizo 100 sidhani kama mara tano fimbo ilitulia.

Nilikuwa napasua kuni. Mkono wa kulia, ambao ndio uliofanya kila kitu maishani mwangu, ulikuwa unasukuma kwa nguvu zake zote, na wa kushoto umekaa kama abiria. Mabega yamepanda hadi masikioni. Mwalimu alinitazama muda mrefu, kisha akaniambia nisipige. "Vuta," akasema. Mkono wa mbele uwe pete tu, fimbo ipite ndani yake. Wa nyuma ndio ufanye kazi. Nikavuta, na ncha ya mbele ikaruka kama imeitwa. Niligutuka mwenyewe. Kumbe ukitaka ncha ya huku iende mbali, kazi iko kule nyuma. Wiki zilizofuata nikaambiwa kwamba hata mvuto huo hautoki mkononi, unatoka kwenye nyonga, na kwamba fimbo inashikwa kwa kidole cha mwisho na cha pete, si kwa kidole gumba na cha shahada kama ninavyoshika kila kitu kuanzia nyundo hadi kikombe cha chai. Yaani nilikuwa na miaka zaidi ya 40 na sikujua kushika kitu.

Na hapa niseme jambo moja juu ya mkono mtupu. Nilishawahi kufanya karate ujanani, miaka miwili, na nadhani muda wote ule nilikuwa najidanganya. Ngumi ikiwa imelegea, nani atajua? Hewa haina malalamiko. Fimbo inalalamika. Ukiipeleka sawasawa inavuma, na mvumo unakatika ghafla pale inapofika. Ukikosea inanyamaza, au inakurudia. Mimi imenirudia kwenye muundi, kwenye sikio, kwenye kidole cha mguu, na mara moja, kwa njia ambayo mpaka leo siwezi kuieleza, kwenye kisogo.

Mke wangu alipoyaona malengelenge viganjani aliniuliza kama nimeanza kulima kwa siri. Alisema kwa utani, lakini aligusa penyewe, kwa sababu hadithi ambayo kila mwanafunzi wa kobudo huambiwa wiki ya kwanza ni hadithi ya wakulima.

Inasimuliwa hivi. Mfalme wa Ryukyu aliwanyang'anya watu wake silaha. Kisha, mwaka 1609, majeshi ya ukoo wa Shimazu kutoka Satsuma, kusini mwa Japani, yakauteka ufalme na kukaza marufuku. Wakulima na wavuvi, mikono mitupu mbele ya panga za samurai, wakachukua walichokuwa nacho: mundu, jembe, kasia, mpini wa jiwe la kusagia, lijamu ya farasi. Usiku, mafichoni, wakavigeuza silaha. Hadithi hii inatuingia upesi sisi kwa sababu tunayo tayari kwenye methali: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiingia ndani, utamuua kwa kilicho karibu.

Nimeipenda sana hadithi hii. Nimeisimulia mwenyewe kwenye vikao vya harusi. Taabu yake ni kwamba ukiigonga kidogo inapasuka kama fimbo yangu ya kitanda.

Mwaka 1509 mfalme Sho Shin aliandikisha sifa za utawala wake kwenye ukingo wa mawe wa jumba la Shuri, na sifa mojawapo inataja panga, pinde na mishale. Wasomi wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliisoma kuwa ni habari ya kuwanyang'anya watu silaha. Waliokuja baada yao wakayasoma upya maneno yaleyale, wakaona yanasema karibu kinyume chake: mfalme anajisifu kwa kulimbikiza silaha za kuilinda nchi. Na wale wa Satsuma walipofika 1609 walikuta askari wenye silaha, si wavuvi wenye makasia.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Napoleon. Ndiyo, huyohuyo wa Ufaransa. Mwaka 1816 merikebu mbili za Uingereza zilitia nanga Naha. Nahodha mmoja, Basil Hall, alikaa huko wiki kadhaa, akakirimiwa mno, na katika kukirimiwa kote hakuona silaha hata moja. Mwaka uliofuata, katika safari ya kurudi kwao, alipitia kisiwa cha St. Helena alikofungwa Napoleon, akaomba kuonana naye, na katika mazungumzo akamweleza juu ya watu wa Ryukyu wasio na silaha. Napoleon hakuyaamini masikio yake. Hawana mizinga? Hawana bunduki? Sasa wanapiganaje vita? Hall alipojibu kwamba, kwa kadiri alivyojua, hawakuwa na vita, mfalme yule wa vita akakunja uso. Kisa kikachapwa kitabuni, kikazunguka Ulaya, na sifa ya kisiwa kisicho na silaha ikasimama.

Mimi nadhani wenyeji wa Naha walijua walichokuwa wakifanya. Mgeni alionyeshwa sebule, akaandika habari za nyumba nzima.

Basi kama si wakulima, nani aliyeishika fimbo? Kwa sehemu kubwa ni watu wa tabaka la watumishi wa ufalme, waliokuwa na nafasi ya kufunzwa na sababu ya kufunzwa: walinzi, makarani, wasafiri wa kwenda China. Chukua sai. Nilikuwa nimesikia kwamba ilikuwa ya kupandia mbegu. Ishike mara moja mkononi utajua kwamba hakuna mbegu inayostahili mateso hayo. Ni pande la chuma la mviringo, halina makali, lina pembe mbili kando ya mpini, na linapaswa kuwa refu kidogo kupita kiwiko chako. Huko Ryukyu lilishikwa na maofisa wa ulinzi wa raia, waliolitumia kukamatia watu na kutawanyia umati. Kwa hiyo katika hadithi ya mnyonge na mtawala, sai ilikuwa upande wa mtawala. Jambo hilo lilinisumbua wiki nzima, kwa kuwa mimi nilishajipanga upande wa mkulima.

Sisemi mvuvi hakuwepo. Kasia lipo kweli, linaitwa eku, na kata yake mashuhuri inabeba jina la Akachu wa kisiwa cha Tsuken. Akachu maana yake mtu mwekundu. Wanasema ngozi yake iliunguzwa na jua la baharini. Katika kata hiyo kuna mahali unapochota mchanga kwa bapa la kasia na kumrushia adui machoni. Nilimwonyesha mvuvi mmoja wa Kigamboni namna inavyofanywa. Alitazama mpaka mwisho bila kucheka, nikamshukuru kwa hilo, kisha akaniuliza, "Na upepo ukiwa wa mbele je?"

Silaha nyingine nitazipitia mbiombio, kwa sababu mimi mwenyewe nazitazama kwa mbali. Kuna tonfa, rungu mbili zenye mpini wa pembeni, zinazolala juu ya kigasha. Polisi wa Marekani waliziiga katika kirungu chao chenye mkono. Kuna silaha iitwayo kama, yaani mundu mbili, ambazo mwalimu hatugusishi na wala siziombi. Kuna tinbe na rochin, ngao na mkuki mfupi, na ngao ya zamani ilikuwa gamba la kasa. Kuna suruchin, kamba au mnyororo wenye uzito kwenye ncha. Kuna jembe, jembe kabisa, linaloitwa kuwa. Mwanafunzi wa mwanzo huviona vikining'inia ukutani kama vyombo vya jikoni mwa mtu mwingine.

Turudi kwenye fimbo. Kata ya kwanza tuliyofundishwa inaitwa Shushi no kon, na ya pili, niliyonayo sasa, ni Sakugawa no kon. Lile "no" la Kijapani linafanya kazi ya "ya" yetu, ila linamtanguliza mwenye mali: Sakugawa no kon, fimbo ya Sakugawa. Alikuwa mtu wa Shuri, wa karne ya 18. Nilipoelewa hilo nikaomba orodha nzima, na mwalimu akanisomea. Fimbo ya Shirotaru. Fimbo ya Yonegawa, inayofanywa kwa mkono wa kushoto. Fimbo ya Soeishi. Sai ya Yara wa Chatan. Nyingine zina majina ya mahali, Urasoe, Sesoko, Hamahiga. Nilikuwa nikisikiliza kama mtu asikilizavyo majina ya marehemu yakitajwa kwenye hitma.

Na wengi katika hao hawana kingine. Hawana picha, tarehe zao hazikubaliani, makaburi yao huenda hayajulikani. Kilichobaki ni dakika moja na nusu ya kutembea na fimbo. Mwalimu wetu ana maneno yake kuhusu hilo. Anasema kila kata ina mahali pake pa ukaidi, pale mwili wako unapotaka kwenda huku na kata inakwenda kule. Hapo, anasema, ndipo alipo mwenye jina. Wewe ungepiga, yeye alirudi nyuma. Wewe ungegeukia kulia. Yeye kwa sababu zake aligeukia kushoto. Mwanafunzi mvivu hupalainisha mahali hapo, akapafanya pawe kama anavyopenda, na siku hiyo mtu mmoja wa karne ya 18 anakufa tena kidogo.

Kuna kata moja inayoitwa fimbo ya Tokumine, na habari yake ndiyo iliyonimaliza kabisa. Inasimuliwa kwamba Tokumine alikuwa bingwa wa fimbo na bingwa wa pombe, akagombana na walinzi mara nyingi mno, mwishowe akahamishiwa visiwa vya mbali vya Yaeyama. Miaka ikapita. Kyan Chotoku, mwalimu mkubwa wa karate, akasafiri huko kumtafuta ili ajifunze kwake. Alipofika akaambiwa Tokumine amekwisha kufa. Lakini mtu aliyempangisha nyumba alikuwa ameishika fimbo yake. Kyan akajifunza kwa mwenye nyumba, akarudi nayo. Sasa hesabu: mlevi aliyefukuzwa, mwenye nyumba ambaye hata jina lake halimo kwenye kata, na abiria aliyechelewa.

Kyan alifariki mwaka 1945, baada ya vita, kwa njaa. Mwaka ule karibu kila kitu kilipotea. Wamarekani walishuka Okinawa tarehe 1 Aprili, na mapigano yalipokoma mwishoni mwa Juni jumba la Shuri lilikuwa kifusi. Lilijengwa upya, likaungua tena Oktoba 2019, na linajengwa tena. Kusini mwa kisiwa, pale Mabuni, kuna kuta za mawe meusi zilizofunguliwa mwaka 1995, zenye majina ya waliokufa katika vita ile, raia na askari, Waokinawa, Wajapani, Wamarekani, Wakorea, wote pamoja. Ni zaidi ya 240,000. Kata hazikuandikwa kwenye kuta zile, ila aliyekufa na kata kichwani aliondoka nayo.

Zilizobaki zina deni kwa watu wachache. Taira Shinken alizaliwa kisiwa cha Kume mwaka 1897. Ujanani aliumia mguu mgodini. Mtu aliyeumia mguu ndiye aliyekwenda Tokyo kwa Funakoshi Gichin kujifunza karate, kisha kwa Yabiku Moden kujifunza silaha, kisha akatumia maisha yake kukusanya kata kwa wazee waliokuwa nazo. Mwaka 1955 aliunda chama cha kuzihifadhi; mwaka 1964 akatoa kitabu; alipofariki mwaka 1970 alikuwa ameacha kata zaidi ya 40 za silaha nane. Mkono wa pili ni wa ukoo wa Matayoshi, baba Shinko na mwanawe Shinpo, aliyefariki mwaka 1997 na aliyekuwa na dojo yake hukohuko Naha. Ukikuta darasa la kobudo mahali popote duniani, uliza limetoka mkono upi. Mara nyingi litakuwa limetoka kwa Taira au kwa Matayoshi, na kata ileile yenye jina lilelile haitafanana. Usiwashindanishe. Mimi nilijaribu kumwuliza mwalimu ipi ndiyo sahihi, akanipa pushapu 30.

Jambo moja dogo la Taira, kabla sijasahau. Taira silo jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa akiitwa Maezato. Miongoni mwa kata alizozitunga yeye mwenyewe kuna inayoitwa Maezato no nunchaku. Ndiyo, nunchaku, kile kilichonileta. Mtu aliyehangaika maisha yake yote kutunza majina ya wenzake alijitengea kiti nyuma kabisa ya ukumbi, tena kwa jina la utotoni. Sasa naitaka kata hiyo kwa sababu nyingine kabisa na ile ya Bruce Lee. Mwalimu anasema labda mwaka wa tano.

Kwa sasa nina mambo ya chini zaidi ya kushughulikia. Tumeanza mazoezi ya wawili wawili, fimbo kwa fimbo, na mwenzangu ni binti wa miaka 19 anayesomea uuguzi. Ananiamkia shikamoo mlangoni kwa adabu zote, na nikishaitikia marahaba tunaingia ndani ananipiga kidole gumba. "Pole, baba," anasema, halafu anarudia palepale, kwa sababu sijaondoa kidole. Kosa langu ni kutazama fimbo yake badala ya kumtazama yeye. Fimbo ina ncha mbili na zote zinakimbia. Mabega yake yanaonekana mapema zaidi. Nalijua hilo kichwani. Kidole bado hakijapata habari.

Jana nilirudi usiku, fimbo begani. Kwenye geti la mtaa wetu alikuwa amekaa yule babu mlinzi, na fimbo yake mwenyewe imelala mapajani. Nikamwamkia. Aliitikia huku macho yake yako kwenye mzigo wangu, akanyoosha mkono, nikampa. Akaipima katikati kwa vidole viwili, akaiachia ncha moja ianguke, akaidaka bila kuikaza, kwa vidole vya mwisho, namna ambayo mimi imenichukua mwaka mzima.

"Nzito katikati," akasema. "Nzuri. Ni yako?"

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Labda ni uchovu. Nikasema, "Hapana, babu. Ni ya Sakugawa."

Aliitazama tena, toka ncha hadi ncha, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Sasa huyo Sakugawa akija kuifuata usiku, mwanangu, nimfungulie?"

Nikamwambia amfungulie.